Yu Ponirah na Siku za Pon

Kengele ya shule ya msingi ya Ngrandu siku hizi ni ya umeme, tena inaimba. Inaimba wimbo mzima wa kitoto, halafu sauti ya mwanamke asiyejulikana ametoka wapi inawaomba watoto waingie darasani. Ponirah, ambaye nyumba yake imepakana na uzio wa shule, husonya kila akiisikia. "Kengele gani hii ya kubembeleza?" humwuliza mjukuu wake. "Sisi tulikuwa na kengele bwana." Kengele anayoikumbuka yeye ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye mti wa msufi, na kilipogongwa hata kuku wa kijiji cha pili walijua saa moja imefika.

Sasa ni bibi wa kila mtu, Mbah Ponirah, meno yamebaki ya kuhesabu. Enzi zile alikuwa Yu Ponirah, dada wa kijiji kizima, mjane wa miaka arobaini na kitu mwenye mikono minene na mdomo usiolala, aliyeuza pecel langoni mwa shule. Pecel yake, jamani! Mboga za majani zilizochemshwa, wali kidogo, halafu mchuzi mzito wa karanga wenye pilipili ya kumtoa mtu kamasi, vyote juu ya jani la mgomba. Hadi leo wapo watu wazima, wana vitambi na vyeo vyao huko mijini, ambao wakirudi nyumbani kwa Idi humpitia yeye kwanza na kumwuliza kama bado anasaga karanga. "Nisage kwa mikono ipi?" huwajibu, na kuwaonyesha vidole vilivyopinda.

Watoto walikuwa wengi wakati huo. Anachokikumbuka zaidi ni zile kelele. Shule ya leo ina watoto ishirini na tisa wote pamoja, darasa la kwanza hadi la sita, na wote wanafika kila siku, wameletwa kwa pikipiki na mama zao, nyuso zimepakwa poda. Ponirah hana ubaya nao. Lakini enzi zake darasa la sita peke yake lilikuwa na watoto thelathini na mmoja, na mwalimu alipoita majina kila "Nipo!" ilitoka kivyake: ya kukwaruza, ya puani, ya usingizi. Yeye pale langoni, anaosha majani ya mgomba, aliweza kusema nani hajafika bila kugeuza shingo.

Na kulikuwa na siku ambazo hapakuwa na haja ya kutega sikio, kwa sababu zaidi ya nusu ya darasa haikuwepo.

Mwaka huo aliletwa mwalimu mpya wa darasa la sita, kijana wa Kibatak kutoka Sumatra, jina lake Tumpal, aliyekuwa hajawahi kuishi Java hata siku moja. Watu wa Ngrandu huongea kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Mwalimu Tumpal aliongea kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Akikusalimu unadhani umemkanyaga. Wiki ya kwanza mama mmoja alimtuma mumewe akaamue ugomvi shuleni, kumbe Pak Guru, kama walivyoitwa walimu wote, alikuwa anafundisha kugawanya.

Jumatatu moja aliita majina, wakaitikia kumi na wawili.

"Bah!" akanguruma. "Kumi na tisa hawapo! Wanakimbia gwaride la bendera, siyo? Nitawaonyesha."

Akatangaza kwamba atakayekosa Jumatatu ataosha vyoo juma zima. Siku nne zikapita vizuri. Jumamosi, ishirini hawakuonekana. Akasema sawa, hawa wanajiongezea mapumziko, na Jumamosi pia akaiwekea adhabu yake. Jumatatu iliyofuata darasa lilijaa hadi madirishani. Siku hiyo alikula pecel sahani mbili, akamwambia Yu Ponirah kwamba watoto ni kama kamba, ukivuta wanakuja. Alhamisi, kumi na wanane hawakuja.

"Alhamisi!" alilalamika, ameshika kichwa. "Yu, nani duniani anatoroka shule Alhamisi?"

Ponirah alimhurumia, akamwongezea mboga. Hakusema kitu. Si kwa ubaya. Haikumjia akilini kwamba mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, anaweza kuamka asubuhi bila kujua leo ni siku gani.

Basi Pak Guru akaacha vitisho, akaamua kuwatembelea wazazi. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa pikipiki yake iliyokohoa, akapokewa vizuri, akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo, akaongea. Siku ya tano baada ya Alhamisi ile, Jumanne, wakaitikia kumi na mmoja. Wakati wa mapumziko alikuja akajibwaga kwenye benchi la Ponirah hadi likalia.

"Yu, watu wa huku ni waongo."

"Astaghfirullah, Pak Guru! Kula kwanza."

"Sili. Nimeingia nyumba kumi na tisa. Nimekunywa chai glasi kumi na tisa, zote sukari tupu, tumbo limekuwa ngoma. Kila mzazi nimemwomba mtoto asikose tena. Kila mzazi amesema ndiyo. Ndiyo, Pak Guru. Ndiyo kabisa, Pak Guru. Haya, leo wako wapi?"

Ponirah alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga yake. "Mtu wa Mungu, huku ndiyo maana yake nimesikia. Haina maana nitafanya."

"Na hapana mnasemaje?"

"Hatusemi. Mgeni ameketi kwako, anakunywa chai yako, utamtolea hapana kweli? Unasema ndiyo, anaondoka amefurahi, halafu unafanya lako."

"Bah!"

"Halafu na wewe, ulitegemea waje vipi? Leo si Pon?"

"Pon ni nani?"

Ponirah aliweka kisu chini. Alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Akainuka, mikono ina mchuzi wa karanga vilevile, akamwongoza hadi darasani, kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma ya meza ya mwalimu mwenyewe. Chini ya kila tarehe, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na neno: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, halafu tena Legi.

"Hivi vijineno unaviona?"

"Naviona kila siku. Nilidhani ni mambo ya wakulima. Mbolea."

"Mbolea!" Ponirah alipiga kofi pajani. "Pak Guru, juma lako lina siku saba. Juma la soko lina siku tano. Soko letu ni la Pon. Ikifika Pon, iwe Jumatatu, iwe Alhamisi, mama zao wanashuka mjini tangu alfajiri. Sasa mama ana mzigo mgongoni, yule mchanga atabebwa na nani? Anabebwa na dada yake. Au kaka yake. Ndio hao kumi na tisa wako."

Akaanza kugusa kila Pon kwenye ukurasa, moja baada ya nyingine, na kila alipogusa aliacha alama ya kahawia ya karanga. Jumatatu. Jumamosi. Alhamisi. Jumanne ya leo. Mwalimu alizifuata kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ngrandu akaongea kwa sauti ya chini.

"Kumbe hawatoroki."

"Watoroke waende wapi? Wamebeba wadogo zao."

"Mbona hukuniambia, Yu?"

"Hukuuliza."

Alisema kwa utani, lakini lile neno lilirudi naye langoni likakaa. Hukuuliza. Kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa siku ya Pon, ndiyo maana akaitwa Ponirah, na Pon ndiyo iliyomtoa shule. Alikuwa darasa la nne. Alipenda shule kupita kiasi, na alichokipenda zaidi kilikuwa kile kitendo cha asubuhi cha kuitwa jina lako mbele ya watu na kuitikia upo. Nyumbani walikuwa watoto saba, huitwi, unatumwa tu. Lakini kila Pon alikuwa sokoni na mama yake, na mwalimu wa wakati huo, mzee mkali mwenye wino mwekundu, alichoka kuandika vistari mbele ya jina lake. Siku moja Ponirah alifika, majina yakaitwa, lake halikuitwa. Alingoja hadi mwisho. Akainuka akaenda nyumbani. Hakuna aliyemwuliza yule mtoto alikuwa wapi siku zile, na mtoto mwenyewe alikuwa na adabu, hakusema.

Pon iliyofuata Ponirah hakwenda sokoni. Na hapo mtu aelewe, Pon ilikuwa siku yake kubwa kuliko zote. Shule ikiwa tupu yeye alifunga langoni mara tu baada ya mapumziko, akateremsha kapu lake mjini na kuuza mpaka sufuria linang'aa. Badala yake alitandika mikeka barazani mwa darasa la sita, akasimama njiani alfajiri, pale akina mama wanapopita na mizigo.

"Nileteeni hao wachanga. Wakubwa waende darasani."

"Yu, umekuwa mama kuku?" wakamcheka.

"Nimekuwa. Leta yai lako hapa."

Siku ya kwanza alipata wawili. Ya pili watano. Kufikia mwezi wa pili barazani palikuwa na watoto wachanga kumi na mmoja, wengine wanatambaa, wengine wanalia, mmoja amekula chaki, na Ponirah katikati na khanga mbili kifuani, mtoto mbele, mtoto nyuma. Mmoja aliposhindikana kabisa kunyamaza Pak Guru alitoka, akamtia begani, akarudi kufundisha sehemu za desimali. Lile bonge la sauti lilimlaza mtoto ndani ya dakika tano. Tangu hapo kila mkaidi alipelekwa ndani. Ponirah anaapa hadi leo kwamba watoto wale walipokua walikuwa hodari wa hesabu kuliko kaka zao, maana walilala nazo.

Na wakubwa wakawa wanaitikia. Ishirini na tano, ishirini na nane, thelathini. Pon moja ya mvua waliitikia wote thelathini na mmoja, na Pak Guru alitoka nje akamwangalia Ponirah, akasema "Bah" tu.

Katika hao thelathini na mmoja alikuwemo Lasmini. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa yake. Mtoto mwembamba, shingo ndefu, hesabu kichwani mwake zilikuwa zinakaa zenyewe. Ukinunua pecel naye pembeni, chenji yako ameshaitaja kabla hujafumbua mkono. Baba yake alikwenda Jakarta kwenye kazi za ujenzi, barua zikakatika. Mama yake, Sarmi, aliuza mboga sokoni na kubangaiza. Pak Guru alishamwambia Ponirah wazi: huyu akifanya mtihani wa kumaliza, nafasi ya sekondari mjini ni yake, ada atasamehewa. Asipoufanya, hakuna cheti, na mama yake hatamrudisha kukaa mwaka mwingine.

Mtihani ulikuwa wa siku tatu. Waliopanga ratiba, huko wanakopangia, walitazama tarehe za juu tu. Vijineno vya chini hawakuvitazama. Siku ya tatu, karatasi ya hesabu, ikaangukia Pon. Tena si Pon ya hivi hivi. Mwaka huo Idi ilikaribiana na mtihani, na hiyo ndiyo ilikuwa Pon ya mwisho ya mwezi wa Ramadhani, soko ambalo kila nyumba hununua kila kitu.

Ponirah alizunguka nyumba zote mapema. Kwa Sarmi alikwenda mwenyewe mara mbili.

"Sarmi, siku ile Lasmini aende akafanye mtihani. Unanielewa?"

"Ndiyo, Yu."

"Usimchukue sokoni."

"Ndiyo, Yu. Chukua na haya maharage mabichi ukapike futari."

Ponirah alirudi nyumbani na fungu la maharage, moyo umetulia.

Asubuhi ya siku ya tatu reli iligongwa. Madarasa mengine yalikuwa likizoni, kwa hiyo kaka na dada wa madarasa ya chini walikuwa nyumbani na wachanga, na baraza lilikuwa tupu. Ponirah, ambaye kwa sababu ya mfungo hakuwa na biashara, alikuja hivyo hivyo akakaa mahali pake. Pak Guru akaita majina. Ponirah alisikiliza. Alipofika kwa Lasmini hapakuwa na jibu. Akaita tena. Kimya.

Pak Guru alitoka na daftari mkononi. 

"Alisema ndiyo," Ponirah akanong'ona.

Halafu akajipiga paji la uso. Mwaka mzima amemcheka kijana wa watu kwa glasi zake kumi na tisa za chai, na yeye, mzaliwa wa hapahapa, kala ndiyo hiyo hiyo, tena kwa fungu la maharage! Angeweza kumbana Sarmi. Angeweza kumwuliza, hivyo vifuko unavyouza kila Idi, kupat za wali, nani atasuka? Lakini kumbana mtu aliyekwisha kusema ndiyo ni kumvua nguo, na Ponirah alikuwa na adabu, kama siku ile ya darasa la nne.

"Mtihani unaanza saa mbili," Pak Guru alisema. "Msimamizi anapokea mchelewaji robo saa, zaidi ya hapo hapokei. Sasa hivi saa moja na robo. Soko liko wapi hasa?"

"Hutamwona kwenye kundi lile. Twende wote."

"Umeshawahi kupanda pikipiki, Yu?"

"Sijawahi. Nikianguka unifunike kwa khanga yangu hii, usinunue nyingine. Washa!"

Alikaa upande, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine umeshika shati la mwalimu, na njia nzima ya kilomita sita alisoma dua zote alizokuwa nazo na nyingine akazirudia.

Soko lilikuwa limejaa hadi barabarani. Kuku wamefungwa miguu, nazi, nguo mpya za watoto, watu wanasukumana. Ponirah alishuka akakata njia kwa viwiko. Alijua pa kwenda. Wasuka kupat hukaa mahali pamoja tangu zama na zama, ukutani karibu na lango la mashariki, na kupat, vile vifuko vya majani machanga ya mnazi vya kupikia wali wa Idi, husukwa hapo hapo mnunuzi akisubiri. Sarmi alikuwepo, mtoto mchanga mgongoni, na kando yake Lasmini, vidole vinakwenda mbio. Alikuwa amejifunga kitambaa kifuani. Chini ya kitambaa Ponirah aliona kola nyeupe na sketi nyekundu. Mtoto alikuwa amevaa sare yake ya shule.

Lasmini aliinua macho. Vidole vilisimama.

"Yu," Sarmi akaanza, "usinifanyie hivi mbele za watu. Hii ni Pon ya mwisho. Nisipouza leo, Idi hawa wangu watakula nini? Mikono yangu mizito. Anayesuka ni huyu."

"Uliniambia ndiyo."

"Sasa ningekwambiaje?"

Ponirah alitaka kumkaripia, akaacha. Kweli, angemwambiaje? Akapandisha khanga yake, akachuchumaa, akakaa chini palepale alipokuwa mtoto, akamsogeza kwa nyonga.

"Inuka, Lasmini. Nasuka mimi."

"Wewe?" Sarmi alishangaa. "Wewe muuza pecel, tangu lini unasuka?"

"Tangu hujazaliwa. Lete majani."

Kupat ya kwanza ilitoka upande. Miaka thelathini na mitano vidole vilikuwa havijashika kazi hiyo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja akacheka. "Yu, hiyo kupat au kiota?" Ponirah aliifumua. Ya pili ikakaa. Ya tatu, vidole vikakumbuka vyenyewe, juu, chini, kunja, vuta, na ikadondoka mapajani imenyooka pembe zote. Akaitupa kwenye rundo akachukua majani mengine.

Lasmini alikuwa bado amesimama, anamtazama mama yake. Pak Guru naye amefika, amesimama nyuma ya watu.

"Sarmi," Ponirah alisema huku anasuka, hakumtazama, "mimi nilikaa kwenye ukuta huu huu mwaka nilioachishwa. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasuka huku naita majina. Majina ya darasa langu lote, kwa mpangilio wa mwalimu, kimoyomoyo. Nikifika kwangu naitikia. Nipo. Mama alidhani naimba. Nimeita majina yale mpaka nimeolewa, Sarmi. Usimpe mtoto wako kazi hiyo."

Machozi yalimdondoka juu ya majani na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Sarmi alimgeukia binti yake. Akanyoosha mkono, akamfungua kile kitambaa cha kifuani, akamnyoosha kola.

"Kimbia basi," alisema kwa ukali. "Kimbia kabla sijabadilika. Na ole wako ufeli."

Pikipiki ilikohoa, ikaondoka. Lasmini aliingia chumba cha mtihani saa mbili na dakika kumi, vidole vya kijani kibichi, na karatasi ile aliyoifanya ilikuwa na alama za vidole pembeni kote.

Ponirah alisuka hadi jua likasimama utosini, mdomo mkavu kwa swaumu, na Sarmi akauza kwa sauti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Adhuhuri majani yalikwisha. Walikaa wamegusana mabega, wamechoka kabisa.

"Unasuka vizuri, Yu," Sarmi akasema.

"Najua," Ponirah akajibu.

Lasmini alifaulu. Akaenda sekondari, akaenda na mbele ya hapo. Leo ni mkunga huko Lampung, hesabu zake ni za majuma na miezi ya matumbo ya watu, na kila Idi anapiga simu, na ile sauti ya kukwaruza Ponirah huijua kabla haijajitaja.

Lakini siku ambayo Ponirah huirudia zaidi si ile ya soko. Ni Pon ya mwisho ya mwaka ule wa masomo, darasa likisubiri matokeo, kabla Pak Guru hajahamishwa kurudi kwao Sumatra. Alikuwa amesafisha kabati la darasa, mchwa wamekula nusu, na chini kabisa akakuta madaftari ya mahudhurio ya zamani. Asubuhi hiyo Ponirah alikuwa barazani kama kawaida, mtoto mbele, mtoto nyuma. Majina yakaitwa. Wote thelathini na mmoja waliitikia, Lasmini akiwemo. Mwalimu hakufunga daftari.

"Namba thelathini na mbili," akaita. "Ponirah."

Watoto waligeuka. Ponirah alidhani amesikia vibaya. Alisimama mlangoni, mtoto amemng'ang'ania shingo, akamwona Pak Guru ameshika madaftari mawili. La zamani lilikuwa limefunguliwa, karatasi ya kahawia, na Ponirah, ambaye alisoma taratibu lakini alisoma, aliliona jina lake, na vistari vyake, kila siku ya tano kistari, halafu mstari mmoja mwekundu mrefu. Katika daftari jipya, chini ya jina la mwisho, palikuwa na jina lilelile kwa mwandiko wa Pak Guru. Mbele yake hapakuwa na kistari hata kimoja. Alikuwa amemwandika kila Pon, tangu ile ya mikeka.

"Hapa ulikuwa sokoni," alisema, kidole kikiwa kwenye siku ya mtihani, akijitahidi kunong'ona na darasa zima likimsikia. "Nikakuandika hivyo hivyo."

Ponirah alisogea hatua moja, akaliangalia tena lile jina.

"Ponirah!" Pak Guru akaita tena, sasa kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, na mtoto wa mgongoni akashtuka akaanza kulia.

"Nipo," akasema.

Siku hizi soko la Pon bado lipo, lakini limenyauka. Watu wananunua dukani, na kupat za Idi zinakuja zimeshasukwa. Watoto wa shule hawajui Pon ni nini, sawa na Pak Guru alipokuja. Ponirah anajua. Kila Pon huamka mapema kuliko siku nyingine, huoga, huvaa khanga safi, kisha hukaa kwenye kigoda karibu na uzio. Kengele ikimaliza kuimba, mwalimu wa ndani, binti mpole ambaye sauti yake haifiki mbali, huanza kuita majina. Ni machache, hayachukui muda. Baada ya la mwisho, huku nje, bibi hujibu taratibu.

"Nipo."

"Mbah, mbona unaitikia?" mjukuu wake alimwuliza juzi. "Hawajakuita."

"Wasiponiita ndiyo nisihudhurie?" alimjibu, akavuta ungo wa karanga akaendelea kumenya.